Haikuwa Chumvi, Mjomba

Mjomba,

Hali yako siiulizi, naijua. Nilikuwa mmoja wa walioshika kamba tulipokushusha. Yetu nitakueleza, na nitaanza na langu kwa sababu limenikaa kooni: nimepimwa. Baada ya mke wangu, wewe ndiye mtu wa kwanza ninayekuambia. Usijione umeheshimiwa sana. Nakuambia kwa sababu huwezi tena kwenda kuropoka kwenye pombe.

Tangu tukuzike pale nyuma ya migomba, hapa Bwera hakuna kilichobadilika sana, ila vitu vidogovidogo. Dada yako, yaani Mama, alichukua redio yako. Haisemi hata neno, lakini kila Jumapili anaifuta vumbi kabla ya kwenda kanisani. Nyumba ya fito na udongo tuliyojenga wewe na mimi bado imesimama, ingawa kila anayepita ananishauri niibomoe nijenge ya matofali. Soko la mpakani linafunguliwa na kufungwa kutegemea kinachotokea ng'ambo, Kongo. Kavira hajaenda kuwaona wazazi wake Butembo, barabara haiaminiki. Na Biira, mdogo wangu uliyekuwa ukimtania kwamba ataolewa na vitabu, amejifungua mtoto wa kiume. Yuko hapa kwa Mama, anaogeshwa na kulishwa kama wazazi wote wa mara ya kwanza. Mtoto anaitwa Baluku. Angeitwa nani tena?

Hilo la jina ndilo lililoniuma, na sioni haya kukuambia. Kwetu mtoto hupewa jina kwa nafasi aliyozaliwa, kwa hiyo jina la mzaliwa wa kwanza linamsubiri hata kabla baba na mama yake hawajaonana. Siku niliyomleta Kavira hapa nyumbani, Mama alimwita "Mama Baluku" pale pale mlangoni, begi likiwa bado mkononi. Wewe ulicheka ukasema, "Acha mutoto ya watu ikae kwanza chini." Miaka ikapita. Mama akaacha kumwita hivyo, akawa anamwita Kavira tu. Kisha akawa "huyu Mukongo," utadhani sisi na watu wa Butembo hatuelewani lugha, utadhani Mama mwenyewe hana mashangazi ng'ambo ya mto. Mwaka huu ameanza kuniambia wazi: "Bwambale, tafuta mwingine. Huyu arudi kwao." Arudi wapi? Kwao watu wanahama vijiji na magodoro kichwani.

Haya wewe uliyapitia zaidi yangu. Mke wako wa kwanza aliondoka, akaolewa Nyakalengija, akazaa. Mlikuwa mkikutana sokoni Kasese, yeye ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, wewe unamsalimia vizuri na kumnunulia yule mkubwa andazi. Niliwahi kuwa nawe siku moja kama hiyo. Tulirudi nyumbani ukiimba, na mimi kwa utoto wangu nikadhani umefurahi. Wa pili naye akaondoka. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana sote tulijua jibu. Chumvi.

Neno hilo lilisemwa polepole katika nyumba yetu. Babu na bibi walipofariki, Mama ndiye alikuwa mkubwa, na alikuwa ndiyo kwanza ameolewa. Hakuwa na cha kukulisha. Akakupeleka Katwe kwa mikono yake mwenyewe, kwa jamaa mwenye kiwanja cha chumvi ziwani, ili angalau ule. Ukakulia katika maji yale, ukisimama humo mpaka kifuani, ukivunja mawe ya chumvi kutoka chini ya ziwa. Ulitoka na miguu iliyopasuka, na hukupata mtoto. Watu wa Katwe wenyewe wanasema maji yale yanamharibu mwanamume, na wengi huvaa kondomu wanapoingia kazini. Wewe ulikuwa ukifanya mzaha: "Sisi tulivaa kondomu kwa ajili ya ziwa, haikuwa kwa ajili ya wanawake." Baraza zima lilikuwa likiangua kicheko. Mama hakucheka hata mara moja. Alikuwa akiinuka kwenda kuangalia moto, hata kama hakuna kilichopikwa.

Ndiyo maana sisi watoto wake tulikatazwa ziwa. Shule ilipopanga kutupeleka Mweya kuona tembo, na njiani tupitie Katwe, Mama alikataa katakata. Wenzangu walikwenda, mimi nikabaki kung'oa magugu kwenye kahawa. Nimezaliwa karibu na ziwa lile na sijawahi kutia hata unyayo ndani yake. Likumbuke hilo, Mjomba, maana ndilo linalogeuza kila kitu.

Basi. Kavira ndiye aliyepimwa kwanza, kama kawaida ya dunia hii. Akapimwa tena, na tena, hawakuona tatizo. Siku moja akaweka kikombe chini akaniambia, "Miye balinipima mpaka benyewe banachoka. Sasa ni zamu yako." Nikamdanganya Mama kwamba nakwenda Kasese kununua misumari, kumbe nakwenda kliniki.

Jinsi wanavyoichukua hiyo mbegu sitakueleza, ungecheka mpaka ukohoe. Walinipa kikopo na chumba chenye kalenda ya mwaka uliopita. Nitakueleza kilichofuata. Daktari, mwanamke mpole anayekuja kliniki ile mara mojamoja kutoka Kampala, alikaa muda mrefu ameinamia darubini. Kisha akaniuliza kama nataka kuona mwenyewe. Nikasema ndiyo.

Nilidhani nitaona patupu. Nilikuwa nimejiandaa kwa patupu. Badala yake niliona mbegu nyingi, zimejaa kila upande. Nyingine zilikuwa na mkia mfupi kama kipande kilichokatwa, nyingine mkia wake umejikunja kuzunguka kichwa, nyingine hazina mkia kabisa. Zilikuwa zinatetemeka palepale zilipo. Hakuna hata moja iliyosogea. Nikauliza kama zimekufa. "Ni mzima," akasema. "Iko hai kabisa. Lakini haina mkia ya kutembea." Nikaendelea kuangalia. Nilitamani kuingiza kidole nizisukume. Nililia, Mjomba, nikiwa nimebandika jicho palepale, na yule daktari ikabidi afute kioo.

Akanieleza taratibu, na kwa kuwa nilimwambia mimi ni fundi wa nyumba, alitafuta njia ya kunielewesha. Alichukua mirija ya kunywea soda. Miwili akaiweka katikati, mingine jozi tisa akaizungusha, akaifunga yote kwa mpira. Akasema ndani ya kila mkia wa mbegu kuna mirija kama hii, midogo kuliko ninavyoweza kufikiria, na imejengwa kwa protini. Kila seli ya mwili ina kiunzi chake cha protini, kinachoipa umbo na kuishikilia, lakini mbegu ya mwanamume ndiyo inayokitegemea kuliko nyingine, kwa sababu inaanza ikiwa duara kama seli yoyote na inabidi ijengwe upya: kichwa kichongwe, mkia urefushwe, kisha isafiri. Kuna protini zinazotengeneza mirija, kuna zinazoifunga pamoja, kuna zinazoivuta huku na huku ili mkia uchape. Hata kichwani kuna nyingine, zinazoshikilia kile kikofia ambacho mbegu hukitumia kuingia kwenye yai. Moja tu ikikosekana, jengo zima halisimami. Akautoa ule mpira na mirija ikamwagika mezani.

Nilielewa haraka mno. Wewe ulinifundisha nguzo na fito kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Ulikuwa ukisema udongo ni nguo tu, nyumba ni miti iliyo ndani. Nimejenga nyumba za watu kutoka hapa mpaka Kasese, na mwili wangu mwenyewe umeshindwa kujenga kitu kisichoonekana kwa macho.

Nikamwuliza kuhusu chumvi, maana hilo ndilo nililokuwa nalijua. Akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi ziwani. Nikasema hapana. Akasema maji makali na joto yanaweza kumdhuru mwanamume, hawezi kuyatetea, lakini mikia yote kuwa hivi, kila mbegu, karibu kila mara ni kitu cha kuzaliwa nacho. Kisha akauliza kama kwetu kuna mwanamume mwingine ambaye hakupata mtoto. Upande wa baba, nikasema, hapana. "Na upande ya mama?"

 Nikakutaja wewe kwa jina lako kamili.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akingoja kusikia hivyo. Akasema baadhi ya maelekezo ya kujenga protini hizi yanakaa mahali ambapo mwanamume huyapata kwa mama yake peke yake. Mwanamke anazo nakala mbili, moja ikiwa mbovu nyingine inamtosha, na hata hivyo yeye hahitaji mkia wa mbegu, kwa hiyo hatajua kamwe. Anampa mtoto wa kiume nakala moja, nzuri au mbovu, bila kuchagua. Kaka yangu aliyeko Kasese alipata nzuri, nyumba yake imejaa watoto. Mimi nilipata hii. "Lakini siwezi kukuapia," akasema, "mpaka upimwe damu, na kipimo hiyo hapa hatuna. Inaenda inje." Aliniambia pia kwamba Kampala kuna wataalamu wanaochukua mbegu moja na kuidunga kwa sindano ndani ya yai, isihitaji kutembea. Aliponitajia gharama nilimwomba asirudie.

Kwa hiyo, Mjomba, haikuwa chumvi.

Nakuandikia hasa kwa ajili ya hilo. Wewe hakuna aliyekupima, siwezi kukuapia kama vile daktari asivyoweza kuniapia mimi. Lakini mimi sikuingia majini na ninacho kile kile. Ulikunywa mizizi mpaka ukatapika damu. Ulipakwa mafuta na wachungaji wa kila aina. Uliacha kiwanja chako cha chumvi ukiwa na nguvu zako zote, ukaja kuanza maisha ya kuchanganya udongo, ukidhani umeuponya mwili wako kwa kuuondoa ziwani. Uliomba msamaha kwa Mungu kwa sababu ya maji. Kumbe ulizaliwa hivyo. Ulikuwa hivyo ukiwa mgongoni mwa bibi. Nimekasirika na sina wa kumkasirikia.

Nilimweleza Kavira siku ile ile, tukiwa tunachambua maharage uani kwetu. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Usimwambie mama yako. Iko muzee, ile neno itamuua. Acha baseme ni miye. Mugongo yangu inaweza beba." Nilimwambia huo ni upuuzi. Akaniambia nimwonyeshe njia isiyo ya upuuzi.

Ona tulipofika. Nikinyamaza, Mama anamfukuza mwanamke asiye na kosa, anayeijua siri na kuibeba bila kulalamika. Nikisema, Mama anapona mzigo wa ziwa aliobeba tangu ujana wake, lakini napachika mwingine mahali pale pale. Aliishi akidhani alimharibu mdogo wake kwa kumpeleka kwenye chumvi. Sasa nimwambie kwamba alimbeba mwanawe tumboni na kumpa kitu kile kile kwa damu yake? Si kosa lake, najua. Jaribu kumweleza Mama kwamba kitu si kosa lake. Wewe mwenyewe ulijaribu miaka mingapi? Nyumba ikiinama ninajua pa kuweka nguzo. Hapa nilizunguka wiki nzima sioni pa kuigusa.

Nilisema kwa sababu ya mchumba. Mama alikuwa ameshapata msichana, binti wa watu wa kanisa lake, na amemwomba baba mdogo aende kuzungumza na wazazi. Asubuhi ile Mama alikuwa uani anamwogesha mtoto wa Biira, miguu ameinyosha mbele, mtoto amemlaza juu ya miundi, beseni kando. Biira alikuwa amelala ndani. Kavira alikuwa kwetu, hakuwa anakuja tena upande ule. Nikasimama pale nikasema, "Mama, si Kavira. Ni mimi. Nina kile alichokuwa nacho Mjomba."

Alicheka kidogo. "Wewe? Wewe haukuingia ziwa. Nilikukataza."

Nikamwambia sikuingia. Akasema, "Sasa?" Nikasema, "Sasa haikuwa ziwa."

Mkono wake ulibaki ndani ya maji. Natamani ungemwona, Mjomba. Uso ulimfunguka, akawa kijana, akawa yule dada aliyekushika mkono kukupeleka Katwe kabla hajajua atakavyojilaumu. Akarudia polepole, "Haikuwa ziwa." Akamshukuru Mungu. Akasema, "Si mimi nilimaliza uzazi ya ndugu yangu." Machozi yalimtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na sabuni.

Ningeondoka hapo. Kama ningekuwa na akili ningeondoka hapo hapo, nikamwachia furaha hiyo. Lakini unamjua dada yako, hakuna aliyewahi kumpunja chenji sokoni. Alimsugua mtoto shingoni, akawa anafikiri. Kisha akauliza, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa: "Wewe na yeye. Baba yako haina damu moja na yeye. Mulitoa wapi, nyinyi wawili?"

Nilikuwa nimejiandaa na ukweli nusu. Sikuwa nimejiandaa na uongo. Nikaangalia chini.

Hakuuliza mara ya pili. Alimtazama yule mtoto aliyelala miguuni pake, anayepiga mateke, mtoto wa Biira, na Biira ni wake. Akamwangalia muda mrefu. Kisha akaendelea kumwogesha. Aliziba masikio yake kwa kiganja ili maji yasiingie, kama alivyotufanyia sisi, akammwagia maji kichwani, akamwosha kila kidole. Alipomfunika taulo ndipo akasema, bila kuniangalia, "Muite Kavira akuje akule. Asikule peke yake kule."

Kavira alikuja. Walikula sahani moja. Habari ya msichana wa kanisani haijasikika tena.

Huo ndio ushindi wangu, kama unaweza kuuita hivyo. Mke wangu yuko nyumbani kwake na hakuna anayemwita Mukongo. Lakini Mama amebadilika. Anakuja hapo kaburini kwako katikati ya siku, anakaa, anarudi. Sijui anakuambia nini. Nimejaribu kumweleza yale ya nakala mbili, kwamba hakuchagua, kwamba huenda bibi alimpa na bibi naye alipewa. Ananisikiliza kwa heshima, kama anavyowasikiliza watu wa chanjo, kisha anauliza kama nimekula.

Na kuhusu mtoto, nilirudi kumwuliza daktari. Akasema huenda Biira hakupata ile mbovu. Akasema hata kama aliipata, huenda hakumpa mwanawe. Haitajulikana mpaka awe mwanamume. Biira mwenyewe hatujamwambia. Ana furaha, ananenepa, anaimba. Nani ataanza? Tunakaa watu watatu, Mama, Kavira na mimi, tunamwangalia mtoto anacheza na vidole vyake, na kila mmoja anajua mwenzake anawaza nini, na hakuna la kufanya. Ungekuwepo ungetuchekesha. Labda usingeweza.

Mimi ni mjomba wake, kama ulivyokuwa wangu. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki ninayoweza kuifanya, kwa hiyo naahidi mbele yako. Biira nitamwambia, akishapata nguvu, na nitamwambia mimi, si Mama. Baluku akikua, kabla hajaleta msichana wa watu mlangoni, nitakwenda naye Kasese na nitakaa nje ya kile chumba chenye kalenda. Majibu yakiwa mazuri tutakula nyama. Yakiwa mabaya atakuwa ameyasikia nikiwa karibu, na hatamlaumu mke, wala ziwa, wala bibi yake. Labda kufikia wakati huo watakuwa na dawa. Labda hawatakuwa nayo. Sina zaidi ya hapo, na ningependa uniambie inatosha, lakini huwezi.

Pumzika, Mjomba. Miguu yako isikuwashe tena. Ninaishia hapa kwa sababu Mama ananiita uani, maji yamepata moto. Tangu siku ile hataki kumwogesha mtoto peke yake.

Mpwa wako,
Bwambale